Jabu ya Uzito wa Juu: Mwongozo Kamili wa Kujenga Ngumi Itakayobeba Mtindo Wako

Mabondia wa uzito wa juu wanaouliza kuhusu jabu, yaani ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, huleta lalamiko lile lile: wanairusha sana, lakini haimzuii mtu. Mpinzani anaipokea kwenye glovu huku anasogea. Kufika raundi ya tatu bega limekuwa zito, wanaanza kurusha makonde makubwa ya kubahatisha, na kuanzia hapo pambano ni la yeyote.

Tatizo mara chache liko begani. Liko miguuni, liko katika namna mkono unavyorudi, na kabla ya yote liko katika kutoamua jabu ile inatakiwa kufanya kazi gani. Katika uzito mdogo unaweza kuishi na jabu hafifu, kwa sababu kasi na wingi wa ngumi vitakufidia. Kwenye ngumi za kulipwa, uzito wa juu unaanza baada ya kilo 90.7, na huko konde moja la mkono wa nyuma linatosha kumaliza kazi. Anayetawala umbali ndiye anayeamua pambano liwe la namna gani.

Maelezo haya ni kwa bondia anayesimama na mguu wa kushoto mbele. Kama wewe ni mashoto, geuza pande.

## Vitu unavyohitaji

- Bandeji za mikono, urefu wa mita 4.5 hivi. Za mita 2.5 hazitoshi mkono mkubwa.
- Glovu za wakia 16 kwa mazoezi na sparingi (pambano la mazoezi na mwenzako). Zile za wakia 10 ni za siku ya pambano.
- Begi zito lisilopungua nusu ya uzito wako. Begi jepesi linaruka ukiligusa tu, linakudanganya kwamba una nguvu.
- Mpira wa kamba mbili, uliofungwa juu na chini, kwa kulenga shabaha inayocheza.
- Tepu ya kubandika sakafuni, na kioo cha kuonyesha mwili mzima.
- Simu ya kurekodia. Iweke upande wa kifua chako, usawa wa bega. Ukirekodi kutoka mbele hutaona mkono unaporudi, na huko ndiko makosa yanakojificha.
- Kinga ya meno, kofia ya sparingi, na mwenzako au kocha mwenye pedi (mito ya kupigia inayovaliwa mikononi).

Hutahitaji vyuma vya kushika mkononi ukirusha jabu. Vinafundisha bega kusukuma, na kiwiko kinaumia bure.

## Hatua ya 1: Chagua kazi ya jabu yako

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo. Hakuna jabu moja ya uzito wa juu. Kuna jabu za kazi tofauti, na kila moja inazaa bondia wa aina yake na mashabiki wa aina yake.

Jabu ya kuponda. Sonny Liston hakuwa mrefu ajabu, lakini mikono yake ilifikia sentimita 213 ikinyooshwa, na jabu yake iliumiza kama mkono wa nyuma wa mtu mwingine. George Foreman alikuwa wa ukoo huo huo. Jabu hii inataka miguu iliyokita, hatua fupi, na mabega yanayozunguka. Anayeitumia anaenda mbele taratibu, na watu wanakuja kumtazama kwa sababu anatisha.

Jabu ya kuchoma. Larry Holmes ndiye darasa lake. Inatoka bila taarifa, inagonga, inarudi, inatoka tena kabla mpinzani hajafumbua jicho. Holmes aliutwaa mkanda wa WBC, moja ya mashirika yanayotoa ubingwa wa dunia, kutoka kwa Ken Norton mwezi Juni 1978 baada ya raundi 15, na hakupoteza pambano hadi Septemba 1985. Mtindo wake wote ulikaa juu ya ngumi hiyo moja: mkono wa kulia ulikuja pale tu jabu ilipofungua mlango.

Jabu ya kupima. Hii ni ya mrefu anayetaka mpinzani asifike kabisa. Wladimir Klitschko alisimamishwa na Corrie Sanders mwaka 2003 na Lamon Brewster mwaka 2004. Kisha, akiwa na kocha Emanuel Steward, aliujenga upya mtindo wake juu ya jabu, umbali na kukumbatia. Alitwaa mkanda wa IBF, shirika jingine la ubingwa, Aprili 2006 na kukaa bingwa hadi Novemba 2015. Wanaomdharau kwamba alikuwa hachangamshi wasisahau kwamba jabu ndiyo iliyoficha kidevu kilichokuwa kimeshaonekana na kila mtu.

Jabu ya kuchezea. Ya Muhammad Ali, na baadaye Tyson Fury: nyepesi, ya mara kwa mara, nusu yake ni chenga. Haiumizi sana, lakini inamfanya mpinzani afikiri badala ya kupigana. Inataka mapafu na miguu isiyosimama. Watu wanaipenda kwa macho.

Jiulize maswali matatu ya ukweli. Mikono yako ni mirefu kuliko ya wengi wa uzito wako? Miguu yako inaweza kutembea raundi nzima? Mkono wako wa nyuma unaogopwa? Mrefu mwenye miguu mizito aanze na ya kupima. Mwenye mkono wa nyuma mzito na urefu wa wastani achukue ya kuponda. Mwenye wepesi aende kwa Holmes kwanza, ya kuchezea baadaye, kwa sababu jabu ya kuchezea isiyo na uchungu nyuma yake ni mwaliko wa kupigwa.

Mfupi asikate tamaa. Mike Tyson alikuwa na sentimita 178 tu, na katika miaka yake bora alitumia jabu kama daraja la kuingilia: kichwa kinatoka kwenye mstari, mkono unaenda, mguu unafuata ndani.

Ukimaliza hatua hii unapaswa kuweza kusema kwa sentensi moja jabu yako inafanya nini. "Inamzuia asiingie," au "inamkalisha nipige kulia." Kama jibu lako ni "vyote," rudi uchague.

## Hatua ya 2: Anza na miguu

Bandika mstari wa tepu sakafuni, simama mguu wa kushoto upande mmoja na kisigino cha kulia upande wa pili. Miguu isiwe kwenye mstari mmoja, maana utayumba ukiguswa begani. Magoti yalegee, kisigino cha nyuma kiinuke kidogo.

Sasa piga hatua bila kurusha mkono. Mguu wa nyuma unasukuma sakafu, wa mbele unateleza upana wa kiganja hivi, wa nyuma unafuata kiasi kile kile. Mbele, nyuma, kushoto, kulia. Fanya raundi nzima ya dakika 3 namna hii, hata kama inachosha akili.

Sababu ni rahisi. Bondia wa kilo 110 anaposukuma sakafu vizuri, uzito huo wote unasafiri hadi kwenye vifundo vya vidole. Akirusha kwa bega peke yake, kinachofika ni uzito wa mkono.

Onyo: usiangukie goti la mbele. Ukiona pua yako imepita kidole cha mguu wa mbele, umejipeleka mwenyewe kwenye apakati, ngumi inayotoka chini kwenda juu.

Utajua umefaulu pale mtu atakapokusukuma kifuani katikati ya hatua na usirudi nyuma kwa kupepesuka.

## Hatua ya 3: Rusha ngumi yenyewe

Mkono uanzie ulipo. Usiuvute nyuma kwanza, usiushushe, usiinue kiwiko. Kiwiko kikitoka pembeni kabla ya ngumi, mpinzani ameshasoma barua yako. Bana karatasi kwapani wakati wa kupigana na kivuli, yaani kurusha ngumi hewani peke yako: ianguke tu pale mkono unapokaribia kunyooka.

Ngumi inaenda moja kwa moja. Inageuka mwishoni kabisa, kiganja kikitazama chini, na wakati huo huo bega linapanda na kugusa kidevu. Vifundo vya kidole cha shahada na cha kati ndivyo vinavyogonga. Kifundo cha mkono kinyooke. Mkono wa kulia ubaki shavuni, kwa sababu utatakiwa kudaka jabu ya mwenzako ikija muda ule ule. Toa pumzi fupi kwa pua au meno.

Mguu wa mbele na ngumi vifike pamoja. Mguu ukitua kwanza, nguvu imeshaishia sakafuni. Ukichelewa sana, unapiga ukiwa hewani.

Kwa jabu ya kuponda, ongeza mzunguko wa nyonga na mabega, ulenge nyuma ya uso wa begi. Kwa jabu ya kuchoma, legeza mkono kabisa na ukaze ngumi wakati wa kugusa tu. Wengi wanakaza tangu mwanzo, ndiyo maana wanachoka raundi ya tatu.

Sikiliza begi. Jabu nzuri inatoa mlio mkavu na begi linatikisika papo hapo. Likianza kupepea kwenda mbali, ulikuwa unasukuma.

## Hatua ya 4: Rudisha mkono ulikotoka

Kama ningeruhusiwa kufundisha hatua moja tu, ningechukua hii.

Juni 1936, Max Schmeling aliingia Yankee Stadium akiwa ameshaona kwenye filamu kwamba Joe Louis akimaliza jabu, mkono wake wa kushoto unashuka. Louis alikuwa hajawahi kushindwa kwenye ngumi za kulipwa. Schmeling alirusha kulia juu ya mkono huo uliolegea, akamwangusha raundi ya nne, akaendelea kumpiga konde hilo hilo hadi alipommaliza raundi ya 12. Louis alikuwa na moja ya jabu bora kuwahi kuonekana. Kilichomwangusha ni njia ya kurudi.

Kwa hiyo mkono urudi kwenye mstari ule ule uliotoka nao, usawa wa shavu, tena kwa kasi kuliko ulivyokwenda. Funga kamba ukutani hadi kwenye nguzo, usawa wa bega lako. Rusha jabu juu yake. Ngumi ikigusa kamba wakati wa kurudi, imeshuka.

Kisha mwombe mwenye pedi afanye hivi: kila ukirusha jabu, naye arushe pedi yake ya kulia taratibu kuelekea shavu lako la kushoto, asikuambie lini. Pedi ikutane na glovu, siyo na uso.

Kuna namna ya pili ya kujilinda baada ya jabu, nayo ni kuondoka: ngumi inagusa, mguu wa nyuma unakupeleka hatua moja nyuma au pembeni kulia, mbali na mkono wa kulia wa mpinzani. Fanya zote mbili. Usichague moja eti unaipenda.

Onyo kwa warefu: kurudi nyuma kwa mstari mmoja mara mbili mfululizo kunakuleta kwenye kamba. Baada ya hatua moja nyuma, zunguka.

Tazama video uliyorekodi. Kama unaweza kuisimamisha mahali popote kati ya kugusa na kurudi na ukaona kidevu kimefunikwa na bega au glovu, endelea hatua ya 5. Kama hapana, baki hapa wiki nyingine.

## Hatua ya 5: Vunja mwendo mmoja

Jabu inayofika kwa mwendo mmoja inazoeleka haraka, hata ikiwa nzuri. Mpinzani anahesabu: moja, mbili, anarusha kulia juu yake. Vunja hesabu hiyo.

Rudufu kwanza. Jabu ya kwanza ni ya kumfanya ainue mikono. Irudishe nusu tu, kisha ya pili itoke na hatua. Ya pili ndiyo inayogonga.

Halafu shuka mwilini. Kunja magoti, macho yako yawe usawa wa mahali unapopiga, bega lifunike kidevu. Ukiinama kwa kiuno huku miguu imenyooka, umeacha kichwa kwenye apakati ya kulia. Jabu ya tumboni haipigiwi makofi na watu wa nyuma ukumbini, lakini inashusha viwiko, na bondia mzito anayeshusha viwiko hawezi kuvipandisha haraka.

Mwisho, chenga. Tikisa bega, piga mguu wa mbele sakafuni, nyosha mkono robo njia. Usirushe. Tazama anafanya nini. Akipepesa, akiinua mkono, akirudi nyuma, ameshakuambia siri. Novemba 2015 pale Düsseldorf, Fury alimpiga Klitschko chenga kiasi kwamba bingwa mwenye jabu iliyotawala karibu muongo mzima alishindwa hata kuirusha.

Onyo la sheria: usiache vidole vya glovu vimekunjuka mbele ya uso wa mtu. Vikiingia jichoni ni madhambi, na mwamuzi anaweza kukukata pointi.

Sparingi ndiyo itakayokupa majibu hapa. Kubalianeni raundi mbili za jabu tu, kwa nguvu ndogo, asiwepo anayetumia mkono wa nyuma. Umefaulu kama mwenzako anaanza kuitikia chenga zako badala ya ngumi zako. Ukipata kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kuuma baada ya sparingi, acha siku hiyo, muone daktari kabla ya kurudi.

## Hatua ya 6: Weka tishio nyuma yake

Jabu inaheshimiwa kwa kile kinachoweza kuifuata. Mpinzani akijua kwamba hakuna kitu nyuma, atapita katikati yake.

Jenga mifuatano mitatu tu, uijue usingizini:

1. Jabu, kulia moja kwa moja. Novemba 1994, Foreman akiwa na miaka 45, alimmaliza Michael Moorer raundi ya 10 kwa kazi hii hii ya kawaida kabisa. Raundi nyingi alionekana kupoteza, lakini jabu ilikuwa inapima muda wote.
2. Jabu usoni, kulia mwilini. Ni ya kumfundisha kwamba akiinua mikono kuna bei.
3. Jabu, mkono uleule unarudi nusu na kugeuka ngumi ya kupinda. Ni kwa yule anayezoea kuinama kuikwepa jabu.

Usirushe mkono wa nyuma kila mara. Jabu tatu peke yake, ya nne ndiyo ifuatwe. Kusitasita kwake kati ya ngumi hizo ndiko kunakokupa nafasi.

Dhidi ya mashoto, jabu mbili zinagongana njiani. Weka mguu wako wa mbele nje ya wake, usipambane kwa mkono wa mbele tu, na uwahishe kulia moja kwa moja. Oleksandr Usyk, mashoto mwenyewe, aliwashinda Anthony Joshua na Fury waliomzidi urefu, kwa sababu miguu yake ilifika kwenye pembe kabla ya jabu zao.

## Hatua ya 7: Itumie mbele ya watu

Hapa kuna ubishi wa kudumu: eti jabu inaua burudani. Mimi sikubaliani, na Klitschko mwenyewe ni ushahidi wa pande zote mbili. Februari 2008, Madison Square Garden, alimshinda Sultan Ibragimov kwa raundi 12 za kupangusa mkono wa mbele wa mwenzake na kushikilia mkono wake wa kulia kama akiba. Ukumbi ulimzomea. Juni 2009 alijaza uwanja wa mpira pale Gelsenkirchen, akamfanyia kazi Ruslan Chagaev kwa jabu hiyo hiyo, safari hii na mkono wa kulia nyuma yake, hadi kona ya Chagaev ikaacha baada ya raundi ya tisa. Wapinzani wote wawili ni mashoto, wafupi kwake. Watu hawazomei jabu. Wanazomea bondia aliyekwisha kumtawala mtu na hataki kumaliza.

Wakati mwingine jabu ndiyo inayomaliza. London, Novemba 2020, Joe Joyce alimgonga Daniel Dubois jabu kwenye jicho la kushoto hadi mfupa wa tundu la jicho ukavunjika. Raundi ya 10 Dubois alipiga goti na kuhesabiwa. Tokyo, Februari 1990, Buster Douglas, aliyepewa nafasi finyu kabisa, alimfungia Tyson jicho kwa jabu kabla ya kumwangusha raundi ya 10. Hakuna aliyeondoka akilalamika kwamba alichoshwa.

Kwa hiyo panga raundi zako. Mbili za kwanza, tawala na usome. Kuanzia ya tatu, kila raundi ongeza walau mara moja ambapo jabu inafungua kitu kizito na ukumbi wote ukione. Raundi ya karibu karibu, rusha jabu mbili kali sekunde za mwisho. Majaji wanaangalia ngumi safi na nani anayeongoza ulingo, na jabu inayorudisha kichwa nyuma inaonekana hata kutoka kiti cha mbali.

Kumbatio litumike kupumua, siyo kuishi humo.

## Ratiba fupi ya wiki

Siku tatu zenye kazi ya jabu zinatosha. Kila siku: raundi 2 za kivuli kwa mkono wa kushoto tu, raundi 3 za begi zito, raundi 2 za mpira wa kamba mbili, raundi 2 za pedi. Raundi dakika 3, mapumziko dakika 1. Sparingi ya jabu mara moja kwa wiki, siku ya mwisho. Rekodi raundi ya mwisho kila siku, ile ya kuchoka, kwa sababu kwenye raundi ya kwanza kila mtu ni Larry Holmes.

## Ikikwama

Bega linachoka mapema. Unakaza mkono njiani, au unashikilia glovu juu kwa nguvu. Rudi hatua ya 3.

Anaingia tu hata nikimgonga. Unarusha ukiwa umesimama au ukirudi nyuma. Kutana naye: hatua fupi mbele, jabu kifuani au katikati ya glovu zake, kisha zunguka.

Nadakwa jabu kila mara. Mwendo mmoja, kimo kimoja. Nenda mwilini mara mbili, kisha rudi usoni.

Kiwiko kinauma. Unakinyoosha hadi mwisho kwa nguvu unapokosa shabaha. Acha mkunjo mdogo mwishoni, pumzisha begi na upige pedi laini tu kwa wiki moja au mbili. Maumivu yakibaki ukiwa umekaa tu, hilo siyo la kocha tena, ni la daktari.